Trafiki wa Tawi la Mkorosho

Nilihamia Mtwara nikiwa na hasira. Kwetu ni nyanda za juu, kwenye ukungu na baridi ya kuvaa masweta mawili, na barua ya ajira ndiyo iliyonileta huku kusini kufundisha jiografia katika shule moja mbele ya Mpapura. Nikapanga chumba na sebule Chuno, mjini, nikanunua pikipiki, na kila siku ya kazi nikawa naenda na kurudi barabara ile ile, huku nalalamika. Joto. Mchanga mpaka kwenye mswaki. Watu wanaosalimiana robo saa nzima wakati mwenzao ana haraka. Wenzangu ofisini walinichoka. Mmoja wao alikuwa na kamera ndogo ya mtumba asiyoitumia, akaniwekea mezani siku moja akasema, "Mwalimu, chukua hii bwana, walau upate kazi ya kufanya na hayo macho zaidi ya kutukata jicho."

Niliichukua kwa ubishi tu. Wiki ya kwanza nikapiga maua na jua likizama, kama kila mtu, na picha zikatoka kama zile za kalenda za ukutani. Nikaona upuuzi mtupu. Halafu siku moja pikipiki ikapata pancha njiani, nikakaa kando ya barabara kumsubiri fundi, na kwa kukosa la kufanya nikaitazama baiskeli iliyokuwa imeegemezwa kwenye nguzo ya umeme. Ilikuwa imefungwa magunia mawili ya mkaa, na juu ya magunia jogoo mzima, kafungwa miguu, katulia kabisa kana kwamba amelipa nauli. Nikapiga. Nilipoitazama ile picha jioni nilijikuta nacheka peke yangu, kisha nikanyamaza, maana ilikuwa nzuri. Nzuri kweli, jamani.

Kuanzia hapo ukawa ugonjwa. Nilipiga ndoo za mabibo, yale matunda ya mkorosho, mekundu kwa ya njano, zilizoachwa kwenye benchi bila muuzaji. Nilipiga cherehani barazani Chikongola, gauni la harusi likiwa limening'inia nusu, fundi kaenda kuswali. Jumamosi nilifika mpaka upande wa mdomo wa Ruvuma, kwenye mashamba ya chumvi, nikachuchumaa kwenye tope kupiga magunia yaliyopangwa kando ya njia huku yakivuja maji. Mzee mmoja akanijia mbio akiwa na wasiwasi: "Mama, unapima barabara? Tunabomolewa?" Nikamwambia hapana, napiga picha tu. "Picha za magunia?" Za magunia, ndiyo. Akaondoka huku akitikisa kichwa.

Nilikuwa na sheria moja, na nilijisifu nayo kila mahali: sigusi kitu. Sipangi, sisogezi, simwambii mtu acheke. Kitu nakipiga kama nilivyokikuta. Mwenzangu mmoja aliwahi kuniuliza itakuwaje kama kuna takataka mbele ya picha, nikamjibu kwa maringo kwamba takataka nazo zina haki yake. Nilikuwa na mdomo mimi.

Barabara ya kwenda shuleni ina kona moja kali kabla hujaingia kijijini, na mara tu baada ya kona palikuwa na nyumba ya bibi mmoja na binti yake. Binti mwenyewe alikuwa mtu mzima, rika langu, watoto wake wawili wako Dar es Salaam wanatafuta maisha. Walilima korosho na mihogo. Kiangazi kikiingia walimenya mihogo, wakaipasua, wakaianika ikauke kuwa makopa, yale yanayotwangwa unga wa ugali. Na waliianika juu ya lami, ukingoni mwa barabara. Nilimuuliza binti kwa nini wasianike uani kama watu wenye akili zao. Akanicheka. Lami inashika moto kuliko mkeka, haina mchanga, makopa yanakauka siku mbili badala ya nne. Kwamba hairuhusiwi wote wanajua, na wote wanafanya.

Shida ilikuwa kona. Gari likitokea upande wa mjini halioni kitu mpaka limeshafika. Kwa hiyo walichukua ndoo kuukuu ya rangi, wakaijaza mchanga, wakasimika humo tawi kubwa la mkorosho lenye majani yake yote, na kila asubuhi kabla ya kuanika walilibeba mpaka mwanzoni mwa kona na kulisimamisha ukingoni mwa lami. Dereva yeyote wa nchi hii akiona majani barabarani anajua mbele pana jambo, anapunguza mwendo. Hilo lao walilifunga kitambaa cheupe kwa juu, likawa na sare. Jina lake lilikuwa Trafiki.

Hawakuliita kwa utani tena, walishazoea. "Trafiki keshatoka?" "Trafiki kaanguka, nkansimamishe." Bibi alikuwa na ulimi wa Kimakonde, mti kwake ni nti na mtu ni ntu, na Kiswahili chake nilikipenda hata pale nilipokuwa sikielewi. Binti ndiye aliyenitambulisha kwa Trafiki. "Huyu wetu hali rushwa," akaniambia. "Anakula maji tu, na hayo maji yenyewe hatumpi." Tangu siku hiyo nikipita anapunga mkono na kunichokoza: "Mwalimu wa picha! Leo makopa au Trafiki?" Namjibu makopa. Trafiki nilimwona sanamu la kutishia ndege, sikuwahi kumpiga hata mara moja.

Ilikuwa asubuhi ya mwezi wa nane, saa moja na nusu hivi. Nilipofika kwenye kona nikashika breki mwenyewe bila kuambiwa na Trafiki. Jua lilikuwa chini, linapita pembeni kabisa, na lami nzima ilikuwa nyeusi inang'aa kwa umande. Makopa meupe yametandazwa mstari mrefu. Yule binti kainama kwa kule mwisho, anayageuza moja moja, khanga ya kichwani imemtoka ikamwangukia shingoni, na kivuli chake kirefu kimelala juu ya makopa. Nikasema moyoni, hii hapa. Mwaka mzima nilikuwa naitafuta hii.

Ila Trafiki alikuwa amesimama mbele yangu, pale pale ukingoni ambapo mtu akisimama anaweza kuchungulia ng'ambo ya kona. Nikisogea kushoto ni mtaro, nikisogea kulia ni katikati ya barabara, nikimpita mbele naukata ule mstari wa makopa. Nikapiga hivyo hivyo, kwa sheria yangu. Nikaitazama kwenye kioo cha kamera: tawi limejaa picha nzima, kama mtu mnene aliyekaa mbele yako kwenye televisheni, na mwanamke haonekani hata kidole. Nikakasirika. Nililikasirikia tawi la mkorosho, mimi mtu mzima mwenye shahada. Nikasema kwa sauti, "Hebu toka bwana!" Nikaishika ile ndoo kwa mikono miwili, ilikuwa nzito, nikaikokota, nikaishusha mtaroni. Dakika moja tu, nikajiambia.

Nikapiga ya pili. Sihitaji kuieleza sana. Kila kitu kilikuwa mahali pake, na yeye, wakati ule ule nilipobonyeza, aliinua uso kidogo kuelekea jua. Nikaitazama mara mbili kwa furaha. Nikapanda pikipiki, nikampita, akauliza kwa sauti, "Imetoka?"

"Imetoka, dada! Nitakuletea uione!"

Sasa nifike pale pagumu. Watu wengine nimewaambia kwamba nilisahau. Sikusahau. Nilikuwa nimeshaingia kijijini, mbele ya mashine ya kusaga, nikakumbuka ndoo iko mtaroni. Nikapunguza mwendo. Nikatazama saa, kengele ilikuwa karibu, na mkuu wetu wa shule alikuwa na daftari lake la wachelewaji ambalo analipenda kuliko wanafunzi. Nikasema nitairudisha mchana. Asubuhi hii nani atapita? Nikaongeza moto.

Nilikuwa kipindi cha pili, nafundisha kuhusu aina za mvua, mpishi wa shule alipopita dirishani anamwambia mwenzake kwamba kwenye kona ya makopa kagongwa mtu. Nikaweka chaki mezani. Sikuomba ruhusa, sikuaga, niliwaacha watoto na mvua zao.

Kirikuu la mikate, lile gari dogo linalosambaza mikate kwenye maduka ya vijijini, lilikuwa limelala ubavu shambani. Mikate ilikuwa imemwagika barabarani ndani ya nailoni zake, mikate na makopa vimechanganyika, na vioo vya taa vimetawanyika juu. Yeye walikuwa wameshamfunika khanga. Bibi alikuwa amekaa chini kando yake, halii, anamfunika mguu uliotokeza, unatokeza tena, anaufunika. Na mimi, Mungu anisamehe, jicho langu liliiona ile lami, ule weupe, zile nailoni zinavyong'aa, likaanza kupanga picha lenyewe. Kwa nukta moja tu. Nilijichukia nukta ile kuliko nilivyowahi kumchukia mtu yeyote.

Dereva alikuwa kijana wa miaka thelathini hivi, amekaa kwenye mchanga, anavuja damu puani. Wazee wa kijiji walikuwa wamemzunguka asipigwe. Alikuwa anarudia neno moja: "Majani hayakuwepo. Wallahi wazee wangu, majani hayakuwepo. Napita hapa kila siku, nikiona majani napunguza. Leo hayakuwepo."

Mtu mmoja akaruka mpaka mtaroni, akalinyanyua lile tawi. Lilikuwa limevunjika kati, nadhani gari lilipopoteza mwelekeo liliburuta tairi mtaroni. "Na haya ni nini? Si umeyagonga mpaka huku chini, muongo mkubwa wewe!" Watu wakapiga kelele. Dereva akatazama tawi, akarudia yale yale, hayakuwepo. Nilisimama hatua nne kutoka kwake. Nilikuwa na kamera shingoni. Nikaufyata.

Tukazika siku ile ile baada ya alasiri. Nilijitanda mtandio, nikakaa na wanawake, nikamenya vitunguu vya watu wa msibani. Kila aliyenijua alinipa pole, maana walijua marehemu alikuwa ananitania. Nikazipokea pole zote.

Siku ya tatu polisi wakamwita bibi mjini akatoe maelezo, naye akaniomba nimsindikize. "Wewe unajua maneno ya ofisi," akasema. Nilimpakia nyuma ya pikipiki, akanishika kiuno kwa mikono yote miwili, hajawahi kupanda. Kituoni askari mmoja alikuwa mezani, mtu wa kutoka bara kama mimi, mchapakazi wala hana ubaya, ila ana haraka. Mbele yake palikuwa na maelezo ya dereva, akatusomea kidogo: mtuhumiwa anadai hakuona majani yoyote ya tahadhari. Akacheka puani. "Kila dereva akiua mtu, majani hayakuwepo. Haya bibi, wewe eleza."

Bibi akanyoosha mgongo. "Trafiki alikuwepo," akasema. "Mimi mwenyewe ndiye niliyempeleka, alfajiri. Nikansimamisha pale kwenye kona. Yule kijana kangonga trafiki kwanza, ndipo akaja kwa nwanangu."

Kalamu ikasimama. "Trafiki gani?"

"Trafiki wetu."

"Wenu? Wa kituo gani? Bibi, sisi hatujapanga askari yeyote kule. Hakuna trafiki aliyegongwa. Angekuwa amegongwa trafiki unadhani tungekaa hivi?"

"Alikuwepo," bibi akasema, sauti imeanza kupungua. "Kavaa kitambaa cheupe."

Askari akanigeukia. "Mwalimu, huyu bibi anasema nini?"

Naomba ulielewe vizuri jambo hili, kwa sababu ndilo ninaloishi nalo. Mezani pale palikuwa na karatasi mbili. Moja imeandikwa majani hayakuwepo. Nyingine inataka kuandikwa trafiki alikuwepo. Zote mbili zilikuwa kweli, na zote zilikuwa zinasema kitu kimoja, tawi la mkorosho ndani ya ndoo ya rangi. Katika chumba kile mtu aliyejua hivyo alikuwa mmoja tu. Ningetamka sentensi moja, askari angeuliza swali la pili, na swali la pili lingekuwa: sasa nani alilitoa?

"Amechanganyikiwa, afande," nikasema. "Ana msiba."

Askari akaitikia kwa huruma, akakata mstari, akaandika mengine. Bibi akanitazama. Hakuelewa neno nililotumia lina kazi gani, au labda alielewa, sijui. Akaweka dole gumba pale alipoonyeshwa.

Tulipotoka, nje palikuwa na mwanamke na hotpoti amelikumbatia, anasubiri kuruhusiwa kumpelekea mumewe chakula. Alikuwa mke wa dereva. Alipojua sisi ni kina nani akaweka hotpoti chini, akapiga magoti mbele ya bibi hapo hapo kwenye changarawe, akampa pole ya msiba. Kisha akanigeukia mimi, akanishika mikono, akaniita dada, akanipa pole na mimi. Akasema mume wake si mtu wa mwendo, basi tu ni ibilisi. Mikono yake ilikuwa ya moto kwa sababu ya hotpoti. Nikamwambia asante.

Siku zilizofuata nilifundisha kama kawaida. Nilikula, nilisahihisha madaftari. Kila nilipopata nafasi nilifungua kamera, nikatazama zile picha mbili, ya kwanza na ya pili, na chini yake saa zilizopishana kwa dakika nne. Mara tatu niliweka kidole kwenye kitufe cha kufuta. Ningependa kusema ni dhamiri iliyonizuia. Nisidanganye: sikuifuta ile ya pili kwa sababu ilikuwa nzuri. Kijana wa watu yuko mahabusu, kesi ya kusababisha kifo inamsubiri, na mimi nimekaa kitandani naihurumia picha.

Kilichonifikisha mwisho ni kitu kidogo. Siku ya kumi na mbili nilipeleka sukari kwa bibi, nikamkuta uani na ungo mapajani. Alikuwa anachagua makopa. Yale yale. Yalikuwa yamezolewa barabarani pamoja na vioo vya taa, na bibi alikuwa anatoa vipande vya vioo kimoja kimoja, anaviweka kwenye kifuniko cha chupa, maana makopa ni chakula cha mwaka na hakuna mengine. Vidole vilikuwa na mikato. Nikakaa chini mchangani bila hata kukaribishwa.

"Bibi," nikasema, "nina jambo baya."

"Sema."

Nikasema. Sikuzunguka. Nilimwambia kuhusu jua, kuhusu tawi kumziba binti yake, kuhusu ndoo. Nilimwambia kuhusu mashine ya kusaga, kwamba nilikumbuka na sikurudi. Nikamwambia kwamba kituoni nilielewa alichosema nikamwambia askari kwamba amechanganyikiwa. Nilikuwa nalia, lakini hata nikilia nilijisikia najionyesha, nikajilazimisha kunyamaza.

Hakuacha kuchagua. Muda ukapita, ungo ukapungua.

"Kwa hiyo yule kijana hakungonga trafiki," akasema.

"Hakumgonga."

"Ulintoa wewe."

"Nilimtoa mimi, bibi."

"Kwa ajili ya picha."

"Ndiyo."

Akachagua mpaka ungo ukaisha. Akamimina makopa kwenye kiroba, akakifunga, akanawa mikono, akaenda ndani. Nilidhani hatatoka tena. Akatoka amejitanda khanga mpya, ameshika viatu mkononi. "Yuko ndani siku ngapi?"

"Kumi na mbili."

"Twende."

Tulipopita kwenye kona hakugeuza shingo. Alinishika kiuno kama mara ya kwanza, kwa nguvu, hakuna pengine pa kushika.

Askari alikuwa yule yule. Bibi hakungoja kuulizwa. "Trafiki ni tawi," akasema. "La nkorosho. Tunaliita hivyo. Huyu hapa kalitoa, kijana akapita hajaona kitu. Andika." Askari akaweka kalamu chini polepole. Akanitazama mimi, si bibi.

"Mwalimu, si wewe uliniambia amechanganyikiwa?"

"Ni mimi."

"Na ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua, afande."

Nikampa kamera. Akazitazama picha mbili na saa zake, akazirudia, akamwita mkubwa wake naye akazitazama. Nilipewa karatasi nikaandika yangu kwa mkono wangu. Sijui niliitwa majina gani mle ndani na sina haja ya kuyakumbuka, nilistahili zaidi. Mkubwa wao alisema sheria haimjui huyo trafiki wetu wa mkorosho, na kwamba hata kuanika makopa barabarani ni kosa, na bibi akajibu kwamba anajua, wamfunge. Hakuna aliyemfunga. Kunihusu mimi, faili langu lilifunguliwa siku ile na mpaka naandika haya halijafungwa. Naripoti kila ninapoitwa, na kamera walinirudishia baada ya kuchukua nakala zao.

Alasiri wakamtoa dereva kwa dhamana, na baadaye nilisikia mashtaka yake hayakuendelea. Alitoka ameshika mkanda wake mkononi, suruali inamshuka, amekonda. Askari alikuwa ameshamweleza. Akamwendea bibi pale kwenye benchi nje ya kituo. "Shikamoo, bibi," akasema.

"Marahaba, baba. Nenda nyumbani ukaoge."

Akasimama kidogo. Mimi nilikuwa hapo hapo, magoti yetu karibu yanagusana. Nilikuwa nimeandaa maneno. Hakunitazama kabisa. Mke wake alikuwa anamsubiri getini na lile hotpoti, wakaondoka kwa miguu, yeye ameshikilia suruali.

Tukabaki wawili kwenye benchi. Nikamuuliza bibi kama niwashe pikipiki. Akatikisa kichwa. Kisha akanyoosha mkono.

"Nionyeshe."

Nikafungua kamera, nikampa. Macho yake hayaoni vizuri, aliisogeza mpaka karibu na pua. Ilikuwa ile ya kwanza. Akatabasamu, nilimwona, akatabasamu kabisa. "Trafiki huyu," akasema, akakigusa kile kitambaa cheupe kwa ukucha. "Kitambaa alinfunga yeye. Na yeye yuko wapi?"

"Yuko nyuma ya tawi, bibi. Haonekani."

Nikambonyezea ya pili. Akaitazama muda mrefu, mpaka kioo kikazima chenyewe, nikakiwasha, akaitazama tena. Kamera ikawa inapanda na kushuka kwa jinsi alivyokuwa anapumua. Hakuwa na picha nyingine ya mwanawe akiwa mtu mzima, hilo nililijua siku ya msiba walipokuwa wanaitafuta.

"Huyu hapa," akasema. "Na Trafiki?"

"Hapo nilikuwa nimeshamtoa."

Akaniuliza kitufe cha kurudi nyuma ni kipi, nikamwonyesha. Akabonyeza: Trafiki. Akabonyeza: mwanawe. Trafiki. Mwanawe. Watu waliingia na kutoka kituoni, yeye anabonyeza.

"Ambayo wapo wote wawili haipo?"

"Haipo, bibi."

"Hebu tafuta vizuri, mwalimu," akasema, akanirudishia kamera.

Nikaipokea. Nikaanza kubonyeza, magunia ya chumvi, cherehani, ndoo za mabibo, jogoo juu ya mkaa, moja baada ya moja, ilhali najua haipo, na yeye ameinama begani kwangu anatazama.